Hepatiti B kwa mama mwenye mimba: saa 24 za kwanza za mtoto ndizo zinaamua

KASULO, Kolwezi – Kartie ya Kasulo imejulikana mbali juu ya kobalti. Mwaka 2014 mkaaji mmoja alipata madini akichimba katika kiwanja chake, na haikukawia mashimo yakafunguka ndani ya nyumba, nyuma ya jikoni na pembeni ya barabara. Mwaka 2017 familia nyingi zilihamishwa na sehemu moja ikazungushiwa ukuta. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza majibu ya damu na mkojo wa wakaaji 72 wa pale, kati yao watoto 32: kobalti ilikuwa nyingi mwilini, na kwa watoto ilikuwa nyingi zaidi.

Tangu pale, mtu akisema afya ya Kasulo, watu wanafikiri vumbi. Lakini kuna kitu kingine ambacho mama anaweza kubeba mwilini miaka na miaka bila kukohoa, bila maumivu, bila alama yoyote, kisha akakipitisha kwa mtoto siku ya kuzaa. Ni virusi vya hepatiti B. Hivi havitoki kwenye shimo la madini wala kwenye vumbi la lori. Viko Kolwezi kama vilivyo Lubumbashi, Kalemie, Bukavu, Goma na Bunia.

Kinga yake inajulikana na si ya jana. Shida ni moja: kinga hiyo iko na saa. Ikichelewa, hata kama ni ya bei kali, haiwezi tena kufanya kazi ile ile. Makala hii inaeleza ugonjwa wenyewe, kwa nini mtoto mchanga ndiye yuko katika hatari kubwa, na nini mama mwenye mimba anaweza kuomba tangu leo kwenye kituo cha afya.

Hepatiti B ni nini

Hepatiti ni kuvimba kwa ini, kiungo kile kikubwa kilicho chini ya mbavu za upande wa kuume, ambacho watu wengi wanaita maini. Ini linasafisha damu, linatengeneza nguvu kutoka chakula, na linasaidia damu igande mtu akijikata.

Vitu vingi vinaweza kuvimbisha ini: pombe kali, dawa zilizotumiwa vibaya, sumu fulani, na virusi. Virusi vya hepatiti vinavyojulikana zaidi ni vitano, na vinaitwa kwa herufi A, B, C, D na E. A na E vinapita hasa katika maji na chakula kichafu. B inapita katika damu na katika maji ya mwili. Kwa hiyo mtu akisema tu "niko na hepatiti", bado hajasema kitu. Lazima kujua ni herufi gani.

Pia watu wengi wanachanganya hepatiti na homa ya manjano. Hayo ni magonjwa mawili mbalimbali. Homa ya manjano inaletwa na mbu. Hepatiti B haina mbu. Zote mbili zinaweza kufanya macho yawe ya njano, ndiyo maana majina yanagongana.

Virusi vya hepatiti B vilijulikana kutokana na kazi ya munganga mmoja wa Marekani, Baruch Blumberg, katika miaka ya 1960, na mwaka 1976 alipewa tuzo ya Nobel. Chanjo ilianza kutumiwa mwaka 1982. Kila tarehe 28 Julai, siku aliyozaliwa Blumberg, dunia inakumbuka vita juu ya hepatiti.

Hata hivyo ugonjwa haujaisha. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na hepatiti B ya kudumu, na watu milioni 1.1 walikufa nayo mwaka huo. Karibu milioni 65 kati ya wenye ugonjwa wako Afrika. Na kati ya maambukizo mapya yote ya dunia, 63 kwa mia yanatokea Afrika. Wengi wa hao hawajui: dunia nzima, ni watu 13 tu kati ya 100 wenye virusi ambao wamekwisha kupimwa na kuambiwa.

Kwa nini mtoto mchanga ndiye anaumia zaidi

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa. Hepatiti B haimfanyii mtu mzima kama inavyomfanyia mtoto.

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake unapigana na kushinda. Anaweza kugonjwa wiki chache: uchovu, kichefuchefu, mkojo mweusi kama chai, macho ya njano. Ao anaweza asisikie kitu. Kisha virusi vinatoka. Kwa watu wazima, chini ya 5 kati ya 100 ndio wanabaki navyo maisha yote.

Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kinyume. Mwili wake bado haujui kutofautisha adui na rafiki. Unaviacha virusi vikae. Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa wakati huo, karibu 90 watabaki na virusi maisha yao yote. Kati ya umri wa mwaka mmoja na mitano, hatari inapungua, lakini bado ni kubwa.

Mtoto huyo hatalia juu ya hepatiti. Atakua, ataenda masomo, atacheza mpira, ataoa ao ataolewa. Ini linaharibika polepole, kimya. Kisha akiwa na miaka 30, 40 ao 50, wakati ana watoto wa kulisha, tumbo linajaa maji, ao kansa ya ini inaonekana. Karibu mtu mmoja kati ya wanne walioambukizwa utotoni anakufa mbele ya wakati juu ya sirozi, yaani ini kukauka na kuwa gumu, ao juu ya kansa ya ini. Katika kartie, kifo kama hicho mara nyingi kinapewa jina lingine: sumu, uchawi, ao "tumbo".

Namna virusi vinapita

Virusi vya hepatiti B vina nguvu. Vinaambukiza kwa urahisi kupita virusi vya SIDA, na tone la damu iliyokauka linaweza kuvichunga vikiwa vizima siku 7 nje ya mwili. Njia zake ni hizi:

- kutoka mama kwenda mtoto, hasa saa ya kuzaa, mtoto anapopita katika damu na maji ya mama;
- kati ya watoto wadogo wanaoishi pamoja, kwa vidonda, kuumana na mikwaruzo;
- wembe, mashine ya kunyoa, kikata kucha ao mswaki unaotumiwa na watu wengi;
- chale, tatuu, kutoboa masikio na kutahiri kwa chombo kisichosafishwa vizuri;
- sindano iliyokwisha kutumiwa kwa mtu mwingine;
- damu ya kuongezewa ambayo haikupimwa;
- kulala pamoja bila kapoti na mtu mwenye virusi.

Juu ya damu ya kuongeza, utaratibu wa Kongo unataka kila mfuko upimwe vitu vinne mbele ya kutumiwa: SIDA, hepatiti B, hepatiti C na kaswende. Familia ina haki ya kuuliza kama damu imepimwa.

Na njia ambazo si njia: kula bukari katika sahani moja, kunywa kwa kikombe kimoja, kupeana mkono, kukumbatiana, kukohoa, kulala chumba kimoja, kutumia choo kimoja. Hakuna sababu ya kumtengea mama mwenye hepatiti B sahani yake ya peke.

"Ni nani alinipatia?"

Hilo ndilo ulizo linalovunja nyumba. Bibi anapimwa kwenye CPN, majibu yanatoka pozitifu, anarudi nyumbani na karatasi. Bwana anasoma, ao anasomewa, na vita inaanza. Kisha wazazi wa pande mbili wanaingia.

Jibu la sayansi ni hili: mara nyingi hakuna anayeweza kujua. Afrika, watu wengi wenye hepatiti B ya kudumu waliipata wangali watoto, wengi mbele ya kufika miaka mitano, kwa mama zao ao kwa watoto wenzao. Kongo iliingiza chanjo ya hepatiti B katika kalenda ya watoto mwaka 2007. Kila mama aliyezaliwa mbele ya pale hakuipata utotoni. Anaweza kuwa na virusi tangu siku alizaliwa, miaka 20 mbele ya kumujua bwana wake.

Karatasi yenye neno pozitifu haisemi kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Haisemi kwamba bwana alitoka pia. Inasema kitu kimoja tu: virusi viko, na mtoto aliye tumboni anaweza kukingwa.

Kwa wenye kufanya kazi kwenye vituo, hiyo ndiyo sababu ya kutangaza majibu kwa siri, mama akiwa peke yake, na kumupa nafasi ya kurudi na bwana ikiwa anataka. Mama akiogopa karatasi, hatarudi, na mtoto ndiye atalipa.

Kupima: tone moja la damu

"Mi sigonje, niko muzima. Juu ya nini munanikamata damu?" Wamama wengi wanauliza hivyo, na wana haki ya kupewa jibu.

Jibu ni kwamba hepatiti B haionekani kwa macho. Mama anaweza kunenepa vizuri, kufanya biashara, kuosha mawe mtoni ao kuuza chakula kwa wachimbaji kutoka asubuhi hadi jioni, na kuwa na virusi. Ni damu tu inayosema.

Kipimo cha kwanza kinatafuta alama ya virusi, ile ambayo karatasi za labo zinaandika AgHBs. Kuna kipimo cha haraka: tone la damu kwenye kidole, kusubiri karibu dakika 15 hadi 20, na majibu yanatoka. Hakihitaji mashine kubwa. Kinafanana sana na kipimo cha SIDA ambacho wamama wanakijua.

OMS inaomba kila mama mwenye mimba apimwe vitu vitatu angalau mara moja, na mapema iwezekanavyo: SIDA, kaswende na hepatiti B. Vyote vitatu vinaweza kupita kwa mtoto, na vyote vitatu vinaweza kuzuiliwa. Kwa SIDA na kaswende, wamama wengi wamekwisha kuzoea. Hepatiti B ndiyo inabaki nyuma. Mara nyingi kipimo hakiulizwi, ao kinalipwa kando.

Nafasi ya kupima iko. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika Kongo mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba karibu wamama 88 kati ya 100 walipita angalau mara moja kwenye CPN, na 80 kati ya 100 walizalia kwenye kituo cha afya. Lakini ni 48 tu kati ya 100 waliofika mara nne ao zaidi. Wengi wanakuja wakiwa wamechelewa, tumbo likiwa kubwa. Kwa hepatiti B, kuchelewa kunapunguza wakati wa dawa kufanya kazi.

Majibu yakiwa pozitifu

Pozitifu haimaanishi kifo na haimaanishi kutoa mimba. Mama mwenye hepatiti B anaweza kubeba mimba yake vizuri na kuzaa kwa njia ya kawaida. Virusi peke yake si sababu ya kumupasua.

Kinachofuata ni kujua virusi ni vingi kiasi gani. Labo inaweza kutafuta alama ya pili, AgHBe, inayoonyesha kwamba virusi vinazaana kwa nguvu. Ao inaweza kuhesabu virusi wenyewe katika damu. Mashine zile za GeneXpert ambazo hospitali nyingi zinatumia kwa kifua kikuu zinaweza kufanya hesabu hiyo, ikiwa ziko na katriji yake.

Tofauti ni kubwa. Bila kinga yoyote, mama mwenye AgHBe pozitifu anaweza kuambukiza mtoto wake mara 70 hadi 90 kati ya 100. Mama mwenye AgHBs bila AgHBe, hatari iko chini, kama 10 hadi 40 kati ya 100. Iko chini, lakini iko.

Kwa mama mwenye virusi vingi kuna dawa ya kumeza, tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku. Haiondoi virusi vyote, lakini inavipunguza sana, na mtoto anapita katika damu yenye virusi vichache. Mwaka 2020 OMS ilisema dawa ianze wiki ya 28 ya mimba kwa mama mwenye virusi vingi. Mwaka 2024 ilifungua mlango zaidi: mahali ambapo labo haiwezi kuhesabu virusi wala kupima AgHBe, mama yeyote mwenye AgHBs pozitifu anaweza kupewa tenofoviri, vizuri tangu miezi mitatu ya katikati ya mimba. Hiyo ni habari kubwa kwa kartie kama Kasulo, sababu ukosefu wa mashine si lazima uwe ukosefu wa kinga.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, tenofoviri iko pia ndani ya dawa za SIDA. Kwa hiyo lazima mama apimwe SIDA kwanza: mwenye SIDA hapewi tenofoviri peke yake, anapewa matibabu kamili, na hayo yanamkinga mtoto kwa magonjwa yote mawili. La pili, mama asiache dawa kwa kichwa chake. Ikisimamishwa, ini linaweza kuwaka tena. Ni munganga anayesema lini kusimamisha, na anaendelea kufuata mama baada ya kuzaa.

Saa 24 za kwanza

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Hata kama mama hakupata dawa, hata kama hakupimwa kamwe, bado kuna mlango mmoja: chanjo ya hepatiti B kwa mtoto, ndani ya saa 24 tangu azaliwe.

Wamama wa Kolwezi wanajua chanjo ya "penta". Ndani ya sindano ile moja kuna kinga ya magonjwa matano: difteria, pepopunda, kifaduro, hepatiti B na ugonjwa wa Hib. Inatolewa mtoto akifika wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Ni chanjo nzuri. Inakinga mtoto kwa virusi atakavyokutana navyo mbele, kwa watoto wenzake na kwa watu wa nyumbani.

Lakini mtoto wa mama mwenye virusi hakutani navyo kwa wiki ya sita. Anakutana navyo siku ya kwanza. Penta ikifika, virusi vimekwisha kukaa wiki sita ndani ya nyumba, vimeweka vitanda.

Ndiyo maana OMS, tangu 2009, inaomba kila mtoto, si yule wa mama pozitifu peke yake, apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Dozi hiyo ni ya chanjo ya hepatiti B peke yake, sababu penta haitolewi kwa mtoto wa siku moja. Inachomwa kwenye paja, nusu mililita. Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati anaipata pia. Kisha ataendelea na penta kama watoto wengine: dozi ya kwanza haichukui nafasi ya zile tatu.

Dozi ikichelewa, bado ifanyike. Mama aliyezalia nyumbani usiku, sababu barabara ni ya hatari ao hakukuwa na pikipiki, amulete mtoto asubuhi. Siku ya pili ni bora kupita siku ya tatu. Nguvu yake inapungua kila siku inayopita.

Kwa mtoto wa mama pozitifu, nchi tajiri zinaongeza sindano nyingine yenye kinga iliyotayarishwa tayari kutoka damu ya watu. Ni ya bei kali, inahitaji friji, na haipatikani mahali pengi Afrika. Isiwe sababu ya kukata tamaa. Tenofoviri kwa mama, pamoja na chanjo ya siku ya kwanza kwa mtoto, vinafanya kazi kubwa.

Kwa nini dozi hiyo ni nadra

Kongo inachanja watoto siku za kwanza kwa BCG na kwa matone ya polio. Kwa hiyo mkono wa kuchoma uko tayari. Lakini chupa ya BCG iko na dozi 20, na ikifunguliwa lazima iishe siku ile ile. Maternite nyingi zinangoja watoto wawe wengi, ao zinamwambia mama arudi siku ya chanjo. Mazoea hayo hayaendi na saa 24.

Chanjo ya hepatiti B peke yake iko na urahisi wake: kuna chupa za dozi moja, na chupa ya dozi 10 ikichungwa vizuri, kati ya digri 2 na 8, inaweza kutumiwa hadi siku 28 baada ya kufunguliwa. Adui yake mkubwa ni kuganda kwa baridi. Chupa iliyogandishwa haifai tena.

Katika Afrika nzima, mwaka 2022, ni watoto 18 tu kati ya 100 waliopata dozi ya siku ya kwanza. Angola, jirani wa Lualaba upande wa Dilolo, iliiingiza katika kalenda yake. Tangu 2024, Gavi, shirika linalosaidia nchi kununua chanjo, limefungua musaada kwa nchi zinazotaka kuianzisha.

Kinshasa ilionyesha kwamba inawezekana

Watu wengine wanasema: hayo ni ya Ulaya. Lakini jaribio lilifanyika hapa Kongo.

Kuanzia Septemba 2018 hadi Februari 2019, maternite mbili kubwa za Kinshasa, Binza na Kingasani, zilipima wamama wajawazito 4016 kwa hepatiti B. Kazi hiyo iliunganisha Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa na Chuo Kikuu cha North Carolina cha Marekani, na majibu yalitangazwa mwaka 2021. Wamama 109 walikuwa pozitifu, karibu 3 kati ya 100. Maternite inayozalisha wamama 100 kwa mwezi, hesabu hiyo ingekuwa watoto wawili ao watatu kila mwezi.

Wakati ule dozi ya siku ya kwanza haikuwa katika kalenda ya taifa. Wafanyakazi walitumia njia ile ile wanayotumia kuzuia SIDA kutoka mama kwenda mtoto: wauguzi wale wale, chumba kile kile, kadi ile ile. Wamama wenye virusi vingi walipewa tenofoviri. Watoto walipewa chanjo walipozaliwa. Si wote waliipata ndani ya saa 24, sababu maisha ya maternite ni maisha ya maternite, lakini wengi waliipata. Watoto waliopimwa walipofika wiki 24, hakuna hata mmoja aliyeonekana na virusi.

Hakukuwa na jengo jipya. Kilichobadilika ni mpango: kuuliza, kupima, na kuwa na chupa ya chanjo karibu na kitanda cha kuzalia.

Baada ya kuzaa

*Kunyonyesha.* Mama mwenye hepatiti B ananyonyesha. Maziwa hayapitishi ugonjwa, na mtoto aliyechanjwa ana kinga. Chuchu ikipasuka na kutoka damu, mama aone muuguzi, lakini asimwachishe mtoto.

*Bwana na watoto wengine.* Wapimwe. Asiye na virusi achanjwe. Mtu mzima anapata dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Kabla ya kuanza, familia iulize bei, sababu chanjo ya watu wazima mara nyingi inalipwa. Kwa sasa, kila mtu na wembe wake, kila mtu na mswaki wake.

*Mama mwenyewe.* Hapa watu wanasahau sana. Mtoto akichanjwa, mama anabaki na virusi vyake. Anahitaji kupimwa ini kila wakati munganga atakapoomba, na wengine watahitaji dawa ya muda mrefu.

*Chakula na kinywaji.* Lutuku na pombe zingine kali zinamaliza ini lililochoka. Na kuna jambo ambalo wengi hawajui: muhindi na kalanga zilizoshika ukungu zinabeba sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo peke yake inaweza kuleta kansa ya ini, na ikikutana na hepatiti B hatari inazidi mara nyingi. Kusaga muhindi wa ukungu na kupika bukari hakuondoi sumu. Muhindi ukauke vizuri, uchungwe mahali pakavu, na ule uliooza utupwe.

*Dawa za kienyeji.* Majani mengine yanachoma ini. Macho yakiwa ya njano, njia ni ya hospitali.

Maulizo ya kubeba kwenye CPN

Mama anayeenda kwenye kituo wiki hii, Kasulo ao mahali pengine, anaweza kuuliza haya. Anaweza pia kumuomba bwana amusindikize, sababu maulizo ni ya watu wawili.

1. Je, munapima hepatiti B hapa? Bei ni ngapi? Kama hamupimi, niende wapi?
2. Nimepimwa SIDA na kaswende. Hepatiti B iko kwenye kadi yangu?
3. Nikiwa pozitifu, ni nani ataamua juu ya tenofoviri, na kuanzia wiki gani?
4. Mtoto akizaliwa hapa, chanjo ya hepatiti B ya siku ya kwanza iko? Hata usiku? Hata siku ya Mungu?
5. Kama haiko, naweza kuipata wapi, na nijitayarishe na feza ngapi mbele ya kuzaa?
6. Penta ya kwanza ni tarehe gani kamili?

Ulizo la nne ndilo lisisahauliwe, na lisingoje maumivu ya kuzaa yaanze. Mama anayejua mbele mahali chanjo iko anaweza kuchagua maternite, ao kumtuma mtu wa familia kuifuata katika sanduku la baridi akiandamana na muuguzi. Mama anayejua siku ya tatu amechelewa.

Majibu yakitoka, yaandikwe kwenye kadi ya CPN, na kadi iende naye siku ya kuzaa. Usiku wa maumivu, muuguzi wa zamu si yule aliyepima. Atasoma kadi. Ikiwa kadi inasema, atajua cha kufanya mbele ya saa 24 kuisha.